Fundi wa Kimya wa Rebolo

Mungu akitaka kumkomoa mtu, humpa kipaji cha kuziba kelele kisha humfanya azaliwe Barranquilla. Ndivyo alivyomfanyia Eberto Charris. Katika mji huu mzima watu hunong'onezana kwa kupiga kelele, siri hurushwa toka upande huu wa barabara hadi ule, naye anapita na mabunda yake ya pamba ya mawe, ile ya kuzibia sauti, begani kama muuza makoti jangwani.

Na fundi alikuwa fundi, msinibishie. Nani mwingine mtaani Rebolo angekwambia kwamba sauti haizuiwi kwa unene wa ukuta peke yake? Huzuiwa kwa vitu kutogusana. Ukuta wa ndani usiguse wa nje, dari ya jasi ining'inie kwenye vipande vya mpira isije ikalalia zege, pamba ijae katikati, na kila ufa uzibwe, maana sauti ni kama panya: kichwa kikipita, mwili haukwami.

Adui yake alikuwa upepo. Nyumba za huku hupumua kwa matofali yenye matundu, na joto la hapa si la kutaniwa. Eberto alimzibia karani mmoja chumba cha kulala kikawa kimya kama tumbo la samaki. Alipopita tena, alikuta mama mkwe wa karani ameshabomoa matofali kwa mchi, "mtoto apate hewa." Akamzibia mchungaji kanisa, mchungaji akatoboa dari atundike feni. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona ukuta wake mmoja ukikaa mzima. Mmoja tu! Hata mkewe alimwambia, "Wewe unajenga, wao wanatoboa. Ungefuga mchwa tu, ingekuwa kazi ileile."

Ndipo Bi Candelaria akamwita. Mama huyu alikuwa na ukumbi wa dansi aliorithi kwa mamaye, na ukumbi ule ndio uliokuwa jembe lake na shamba lake. Jirani yake, Mwalimu Arístides, mstaafu mwenye mdomo mwembamba, alimlalamikia miaka na miaka, mpaka mkaguzi wa kelele akasema waziwazi: lalamiko moja zaidi la mwalimu, mlango unapigwa kufuli.

Mwenye kuleta kelele zenyewe alikuwa Wilman, mpwa wa Bi Candelaria, na picó yake, lile dude la spika refu kama kabati, limechorwa simba aliyevaa miwani.

"Shangazi, picó isiyotikisa sahani za jirani ni kabati la nguo," Wilman alinung'unika.

"Afadhali kabati kuliko kufuli. Eberto, mwanangu, ziba."

"Naziba, Bi Candelaria. Ila ukuta wangu usiguswe. Wala tundu la msumari."

"Naapa kwa Mtakatifu Roque na mbwa wake. Hautaguswa."

Eberto akaziba kama anayelipiza kisasi. Milango miwili mizito, kingo zake mpira mtupu. Siku ya kujaribu akasimama barabarani, Wilman ndani akapandisha sauti mpaka mwisho. Nje, Eberto alimsikia Mwalimu Arístides akigeuza kurasa za gazeti. Machozi yakamlengalenga. Mkaguzi naye alikuja na kipimo chake, akakitazama, akakitikisa akidhani kimekufa, akaenda zake.

Ikaja Jumamosi. Hakuja mtu.

Watu walipita, wakatega sikio, wakavua kofia. Ukumbi wa Bi Candelaria kimya Jumamosi! Mama mmoja alibisha hodi ameshika mshumaa na kahawa, akauliza kwa upole, "Poleni jamani. Nani ametutoka?"

"Mimi hapa!" Wilman akafoka. "Mimi ndiye maiti!" Akaenda akarudi na nyundo.

Eberto, aliyekuwa amekuja kuuonea fahari ukuta wake, akatanua mikono mbele yake. "Utaanza na kifua changu."

"Kitundu kidogo tu, kaka!"

"Sauti haijui kitundu kidogo! Ukitoboa hapo umetoboa kote, na mwalimu huyoo kwa mkaguzi!"

"Wilman, weka nyundo chini," alisema Bi Candelaria, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga duka. "Nimeapa. Kama ni kufa njaa, tutakufa kimyakimya."

Mlango ukagongwa. Ukafunguliwa, na nani aliyesimama pale? Mwalimu Arístides mwenyewe, kiti chake cha kubembea kichwani.

"Nimekuja kulalamika," akasema.

Eberto akaanza kupapasa kingo za mlango. Aliacha ufa wapi?

"Silali tangu mzibe," mwalimu akaendelea. "Nasikia moyo wangu mwenyewe. Unaruka pigo, unasita, unarudi. Mtu wa umri wangu hapaswi kusikia mambo hayo!" Akashusha kiti, akakibana katikati ya milango ile miwili, ikabaki wazi kama kinywa cha mlevi, akaketi. "Mimi nitakaa hapa. Nipigiwe salsa za zamani. La sivyo, kesho asubuhi niko kwa mkaguzi."

"Mwalimu!" Eberto alikaribia kulia. "Si wewe uliyelalamikia kelele miaka yote?"

"Nani kakwambia kelele? Nililalamikia nyimbo. Kijana huyu hajui kuchagua."

Wilman alikuwa keshaweka sahani ya santuri. Mlio ukatoka, upepo ukaingia, sahani za jirani zikaanza kucheza kabatini. Mtaa ukaja wote, hata yule mama na mshumaa wake. Bi Candelaria akapita katikati ya wachezaji, akamtia Eberto bia baridi mkononi.

"Umeona? Kiapo ni kiapo, mwanangu. Ukuta wako hatujaugusa."

Eberto akaupapasa. Ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Akageuka, akalipiga gunia la pamba iliyobaki teke la nguvu zake zote, na hata teke lenyewe halikutoa sauti.