Nilipoliambia Tetemeko Nina Eda

Jina langu Mwanakombo, mkazi wa Tongoni. Wanaonijua wanasema nilizaliwa na swali mdomoni, nami sibishi. Kazi yangu ni kuwachora maharusi hina na piko, na mchoraji hushika mguu wa mtu asubuhi nzima, kwa hiyo nafasi ya kuuliza anayo. Nimeuliza maharusi mambo ambayo mama zao hawakuthubutu kuyauliza. Naeleza haya kwa sababu akina mama wengi wamekuja kwangu kuniuliza tetemeko lilikuwaje na nilipona vipi, na safari hii ni zamu yangu ya kujibu.

Mume wangu alifariki kwa maradhi ya moyo, akaniacha katika nyumba ya wazee wake, nyumba ya mawe na chokaa yenye boriti za mkoko. Nikaingia eda. Asiyejua desturi yetu, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wala hajitokezi mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Wifi yangu Zainabu, dada wa marehemu, alihamia kwangu ili nisikae peke yangu. Mimi niliyezoea kuzunguka nyumba za watu nilikuwa nachungulia dunia kwa ufa wa dirisha. Ilikuwa taabu, lakini niliitaka kwa ajili ya mume wangu, nami niliazimia kuitimiza bila doa.

Siku hiyo jua lilikuwa limeshapanda. Nilikaa mkekani, miguu nimeinyoosha, napeta mchele. Zainabu alikuwa uani anakuna nazi.

Kwanza ilikuja sauti, lakini haikuja masikioni. Ilikuja kwenye makalio. Nasema kama ilivyokuwa, maana wengine walihisi hivyo hivyo na wanaona haya kusema. Nikadhani ni lori la kokoto barabara ya Pangani, nikangoja lipite. Halikupita. Punje za mchele kwenye ungo zikaanza kucheza zenyewe, zikajikusanya upande mmoja, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa naziangalia. Nilitaka kuona zitakwenda wapi.

Kisha mfuniko wa sufuria ukaanguka, mlango ukajifungua na kujifunga bila upepo, chokaa ikaanza kumwagika kutoka darini kama unga unaochekechwa. Sakafu ilinirusha juu chini, juu chini, halafu ikaanza kunipeleka upande, kama mtu anavuta mkeka na wewe umeukalia.

"Mwanakombo!" Zainabu alikwishazunguka mpaka nje mbele ya nyumba. "Toka! Toka upesi!"

Nilisimama, nikapepesuka, nikafika mlangoni. Hapo kizingitini miguu ikagoma. Nilikuwa na kanga moja kifuani, kichwa wazi, na njiani wanaume walikuwa wamejaa, kila mtu katoka kwake. Nikapaza sauti, "Nina eda!"

Zainabu alinitazama kama mwenda wazimu. "Unamwambia nani? Toka, mwanamke wewe!"

Nikageuka nichukue kanga ya pili. Ukuta wa mbele ukaanguka.

Mpaka leo najiuliza kwa nini. Sheria naijua. Dharura ni dharura, na nyumba inayoanguka mjane anaruhusiwa kuitoka, hata mtoto wa madrasa atakwambia. Kichwa kilijua. Miguu ndiyo ilikuwa imezoea kukomea pale mlangoni, ikakomea.

Vumbi lilijaa kinywani, ladha ya chokaa na chumvi. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto tu, kama mtu kanimwagia uji mguuni. Nilipotazama nikaona unyayo wangu wa kulia umeelekea upande ambao unyayo hauelekei, na ncha ya mfupa imetoboa ngozi, nyeupe kweli. Ndipo maumivu yakaja yote kwa pamoja. Nikatapika juu ya kanga yangu mwenyewe.

Majirani wakaja kunifukua. Mmoja wao alikuwa akiinua mawe huku uso ameugeuza pembeni kwa kunistahi, mpaka Zainabu akamkemea, "Tazama unachokifanya bwana, utamwangushia jiwe! Mwenyezi Mungu anakuona kwamba huna nia mbaya." Nikacheka pale chini ya kifusi. Ni kicheko kilichoniuma kuliko chochote maishani mwangu.

Hospitali mjini Tanga walinipokea vizuri. Daktari wa mifupa alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Alinisalimu shikamoo kwanza, ndipo akaukagua mguu.

"Mama, mifupa yote miwili ya chini ya goti imevunjika. Tutaweka chuma ndani, tutafunga hogo, plasta ngumu. Mguu hatuukati."

"Na ardhi imefanya nini?" nikamuuliza. "Bibi yangu alituambia dunia imebebwa na ng'ombe kwenye pembe moja, akichoka anaihamishia pembe ya pili."

Akacheka. "Mama, mimi ni wa mifupa. Hayo waulize wataalamu wa miamba."

Basi nikaanza kuuliza wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mkulima kutoka Amani, aliniambia msitu ulivuma bila jani la juu kutikisika na ulimi wake ukafa ganzi. Mlinzi wa mlangoni alisema kiti chake kilitembea naye mpaka ukutani, akadhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Mwuza maji mmoja alikuwa juu ya baiskeli na hakuhisi kitu, akashangaa watu wanakimbia nini. Kila aliyeingia kutibiwa nilimuuliza, "Wewe lilikukuta wapi? Ulilisikia kwa kiungo gani?" Wauguzi wakawa wanawaleta wageni kitandani kwangu kabla sijawaita.

Hogo hilo, wenzangu, ni adhabu. Ngozi ndani iliwasha hata nikalia, nikawa naingiza kijiti cha kuchorea hina nijikune, muuguzi akaninyang'anya. Haja zote kitandani. Eda yangu iliisha nikiwa hapo hapo. Zainabu alileta maji ya uvuguvugu, kanga mpya na udi kidogo, akavuta pazia, akaniogesha kwa kitambaa na kunisomea dua. Akanibusu paji la uso, akaninong'oneza, "Haya, sasa unaweza kutoka nje." Tulicheka mpaka pazia likafunguliwa, na tulipomaliza kucheka nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza sawasawa.

Sasa nifike kwenye ugonjwa wenyewe, maana mguu ulikuwa nusu tu.

Hogo lilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba, wa kijivu, unanuka jibini, ngozi inabanduka magamba. Nikasema si kitu, utanenepa. Wakanipa gongo la kutembelea, wakaniambia nisimame. Nikasimama, na sakafu ikatikisika. Nikapiga ukelele, "Tetemeko!" Wodi nzima ikaruka. Mwenye dripu kaikumbatia dripu yake.

Hakukuwa na tetemeko.

Ikawa kila nikisimama sakafu inakwenda upande, upande. Kila nikilala kitanda kinanitikisa. Natokwa jasho la baridi, natapika, nakaa chini. Mfupa ulikwishaunga, picha zilionyesha hivyo, na mimi siwezi kuvuka chumba. Nikaruhusiwa kurudi nyumbani hivyo hivyo, tukalala bandani uani, na maneno yakaanza. Jirani mmoja alisema marehemu ananivuta. Mwingine akasema nimekanyaga mahali pa wenyewe, yaani majini. Zainabu aliniletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, nikanywa, na dawa za hospitali nikanywa pia, sikudharau hata kimoja.

Binti yangu Saumu, mwalimu huko Maramba, alikuja kunitazama, akaniona natambaa kwenda msalani. Alilia, kisha akakata shauri. "Mama, Idi ikifika hujasimama mwenyewe, nakuja na gari nakuchukua. Utakaa kwangu. Nyumba hii tutaifunga."

Anakaa pazuri, ana mume mwema. Lakini nyumba hii ndimo nilimoishi na mume wangu, wateja wangu wako huku, na mchoraji hina anayewekwa kitandani kwa mwanawe atamchora nani? Niliogopa kufungiwa nyumba yangu kuliko nilivyoogopa mawe. Nilitaka kitu kimoja tu, nisimame juu ya ardhi bila kuishuku.

Udadisi ndio ulionisaidia. Siku moja kitanda kinanitikisa, nikamwambia Zainabu aweke bilauri ya maji juu ya kigoda, ajaze mpaka ukingoni. Nikayatazama maji yale. Mwili wangu unakwenda huku na huku, na maji yametulia tuli. Hata duara moja hakuna.

"Zainabu," nikasema, "wewe unahisi kitu?"

"Nahisi njaa."

Basi nikajua inayotikisika si ardhi, ni mimi. Hofu ikapungua nusu siku ile ile, maana nikaanza kujiuliza ni nini ndani yangu kinachotikisika na kwa nini.

Nilirudi kwa yule daktari binti, nikamweleza habari ya bilauri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka kwa mwenzake wa masikio. Huyo akanieleza kwamba ndani ya sikio kuna vijimaji vinavyomwambia mtu kama yuko wima au kalala, na macho na nyayo nazo hupeleka habari zao kwenye ubongo. "Wewe ubongo wako uliingiwa na hofu kubwa, mama. Sasa haumwamini mjumbe hata mmoja. Kila ukisimama, ubongo unapiga mbiu ya hatari. Tutaufundisha upya."

"Kwa dawa?"

"Dawa kidogo. Nyingi ni mazoezi."

Mazoezi yenyewe ukiyaona utacheka. Kutazama alama moja ukutani huku nageuza kichwa, kulia, kushoto. Kusimama miguu wazi sakafuni, macho nimefumba, Zainabu kanishika kiuno. Kutembea nikihesabu kwa sauti. Siku za mwanzo nilitapika kila mara, Zainabu akawa anakuja na beseni kabisa. Nikatibuka roho, nikamfokea, nikaacha mazoezi, nikayarudia. Kuna siku nilimwambia Mungu kwamba nimechoka, na nilikuwa nimechoka kweli.

Ukuta wa mbele ulijengwa tena, ila mimi niliendelea kulala bandani. Mchana niliingia ndani kwa gongo, nikakaa kidogo, nikatoka. Kila siku nilikaa zaidi ya jana. Mtikisiko ukawa unakuja na kuondoka, na siku nyingine hauji.

Idi ikafika. Saumu akaja na gari kama alivyoahidi. Nikamwonyesha hatua zangu, akaziona, akasema, "Mama, unayumba." Ni kweli niliyumba. Akaingia chumbani kufunga nguo zangu. Nilimfuata nikimbembeleza, na yeye anakunja tu. Nikaketi kitandani.

Ndipo nikalisikia tena, pale pale kwenye makalio. Nikasema moyoni, haya, ni mimi tena. Lakini nikamwona Saumu ameacha kukunja. Amekamata nguzo ya kitanda, macho yamemtoka.

"Mama?"

Haikuwa mimi! Wenzangu, sijui kama mtanielewa, lakini kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha. Nikamshika mkono, maana alikuwa ameganda kama mimi siku ile, nikamvuta, tukapita ukumbini, tukavuka kizingiti, tukatoka hadi peupe. Kichwa changu kilikuwa wazi. Zainabu alikuwa ametangulia, kakaa mchangani anasoma Ayatul Kursiyu.

Lilikuwa dogo, likaisha upesi. Nyumba ilisimama. Nami nikasimama katikati ya njia nikangoja kile kinachofuata siku zote, kule kuyumba. Nikangoja. Ardhi ilikuwa imetulia, na mimi nilikuwa nimetulia pamoja nayo.

Saumu alikuwa ameninasa kiunoni kwa mikono miwili. "Mama, bado inakwenda! Nishike!"

"Imeacha, mwanangu."

"Haijaacha! Mbona naihisi?"

"Imeacha. Mama yako anajua." Nikamshika mpaka pumzi zake zikarudi. Baadaye sana ndipo akanitazama miguuni, akauliza gongo langu liko wapi. Lilikuwa chumbani, chini ya kitanda.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, nawashukuru madaktari wale, na Zainabu, ambaye mpaka leo kila mgeni akija humwambia, "Huyu ndiye aliyeliomba tetemeko ruhusa." Wenzangu, ardhi ikitikisika tokeni, kanga mtapewa na watu. Na baadaye mwili ukikataa kutulia, msiufiche wala msiuonee haya. Usemeni kama ulivyo, mahali penyewe panapotikisika, kwa mtu atakayewasikiliza mpaka mwisho.

Saumu alirudi Maramba, gari tupu. Hunipigia simu mchana, akiwa darasani au sokoni, sauti imemkauka. "Mama, umelisikia hilo?"

Mimi husikiliza kwanza kwa nyayo.

"Hapana, mwanangu. Huyo ni wewe. Kaa chini kidogo, mimi niko hapa, litapita."