Kioo Namba Saba

Dorika aliondoka chuo kikuu, Dar es Salaam, akiwa amebakiza kupima kipande kimoja cha kioo, namba saba. Juu yake kulikuwa na utando mwembamba kiasi kwamba ulijulikana kwa rangi yake ya kahawia tu, na ndani ya utando huo chembe ndogo mno za madini ya fedha. Alitaka kujua kama umeme unaweza kuruka kutoka chembe hadi chembe bila zenyewe kugusana. Kabla hajajua, mama yake, Bi Lois, akapooza upande mmoja. Dorika ndiye mwanawe pekee. Akarudi kijijini kwao Mnyambe na kioo chake, akapata kazi ya kufundisha fizikia.

Miaka minne ikapita. Kila Jumapili, wakitoka kanisani watu wengine, yeye alikuwa dirishani amekiinua kioo kwenye mwanga.

"Utakitazama mpaka lini?" mama yake alimuuliza kwa ulimi mzito. "Si ukipime?"

"Mashine ziko Dar, mama."

"Kwani umeme uko Dar tu?"

Dorika alicheka, lakini Jumamosi akateremka Masasi kwa Hamidu, fundi redio, akaazima mita ya kupimia umeme. Akakiweka kioo ndani ya chupa ya jamu pamoja na mchele uliokaangwa wa kunyonya unyevu, akapitisha nyaya mbili kwenye kifuniko, akaifunika chupa kitambaa cheusi.

Ilikuwa Julai. Asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mikorosho, mita ilionyesha ukinzani wa megaohm kumi na nane. Adhuhuri, chupa ilipopata joto, ukashuka hadi kumi na tano. Waya wa kawaida ukipata joto huuzuia umeme zaidi. Utando huu uliupisha zaidi, kama itarajiwavyo pale joto linapousaidia umeme kuruka. Siku tisa mfululizo ikawa hivyo. Umeme ulikuwa unaruka.

Akampigia simu fundi wa maabara yao ya zamani.

"Mzee Fortunatus, shikamoo."

"Marahaba. Dorika! Umepotelea wapi?"

Akamsomea namba zote. Mzee akaziandika.

"Njoo umalizie, binti yangu."

"Mama nitamwachia nani?"

 Kwenye simu, upande wa mzee, Dorika alisikia mngurumo.

"Hiyo ni pampu?"

"Ndiyo. Kuna mwanafunzi anatengeneza utando."

"Nisogezee simu karibu nayo."

Pampu ile hufyonza hewa kwenye chombo ambamo fedha hugeuzwa mvuke, na kila mwanafunzi huilaumu kwa kelele. Dorika aliisikiliza, macho ameyafumba, mpaka simu ikakatika.

Wiki iliyofuata msimamizi wake wa zamani wa chuo alituma ujumbe: ameziona namba, na nafasi yake atamtafutia wakati wowote atakapokuja. Dorika aliusoma mara tatu. Kisha akaingia ndani kumgeuza mama yake, amlaze upande wa pili.