Mikono Myepesi ya Dada Mwanasha

Kaa kitako, msikilizaji wangu, nikuanzie na harufu: majani makavu ya mnazi yaliyorowekwa usiku kucha hadi yakalainika. Ndiyo iliyokuwa harufu ya ua wetu kule kijijini Waa, msimu ule hoteli za Diani zilipoezekwa upya na karibu kila nyumba ikawa inashona makuti ya kuezekea. Tuliketi mkekani na mama, tukikunja majani juu ya kijiti na kuyashona kwa ukindu. Dada yangu Mwanasha alikuwa na mikono myepesi; kuti lake lilibana. Langu lilijaa matundu.

“Kuti hili la nani?” shangazi aliuliza, akilinyanyua juani na kunichungulia kupitia katikati yake. “Mwanajuma, mwanangu, nakuona mpaka meno.”

“Mumewe atalala na mwavuli,” Mwanasha alisema. Tukacheka sote, hata mimi.

Tulikuwa tumemaliza darasa la nane pamoja, naye alikuwa amenishinda kwa alama. Karo ya sekondari ilikuwa ya mmoja tu. Kwetu, mtoto hodari wa kazi ndiye huzuiliwa nyumbani. “Mwanasha abaki anisaidie,” mama alisema. “Huyu mwengine hapa atanifaa nini? Na aende shule.” Dada alivuta jani jingine.

Leo niko katika ofisi ya hoteli, chini ya paa la makuti ambayo huenda aliyashona yeye. Mshahara wangu huja hata mvua ikinyesha, na huongezwa kidogo kidogo. Bei ya kuti hupangwa na mnunuzi, kwa kuwa wanaojua kushona ni wengi na wenye cheti kama changu ni wachache. Bidii zetu ni sawa; yake labda inazidi. Nimechoka kulieleza hili kila Idi, mama akinisifu kwa akili huku Mwanasha akitupakulia pilau.

Juzi dada alinipigia simu kuhusu bintiye, akicheka. “Zainabu wangu amenishinda kushona. Nafikiri akimaliza shule ya msingi akae nami.”  Nikamwambia, na wewe mwenye mtoto hodari nakuambia vivyo hivyo: kabla hujamzuia nyumbani, nenda shuleni kwake kesho asubuhi, umuulize mwalimu basari, ule msaada wa karo, huombwaje.