Kilio Bila Maiti

Nilisema mwalimu amefiwa ili nipate kwenda kucheza mpira. Sikulifikiria sana. Mimi uongo hunitoka kama chafya.

Mwalimu huyo alikuwa mpangaji wetu pale Makomeno, katika chumba cha nyuma ya lupango, ule ua wetu. Kwao ni ng'ambo ya mto Luapula, upande wa Waingereza, mkabala na Kasenga. Alikuja mjini kufundisha Kiingereza katika shule ya mapadri. Tangu Katanga ilipojitenga, na wale askari wa mataifa, wa kofia za bluu, walipokuja na Kiingereza chao, kila mtu alikitaka: makarani, wenye maduka, hata fundi cherehani jirani yetu ambaye Kifaransa chenyewe kilikuwa kinamtoa jasho. Basi mwalimu akimaliza watoto wa mapadri (nasema wanafunzi, msinielewe vibaya) aliongeza saa za alasiri palepale shuleni, kisha akaja kuongeza nyingine kwenye baraza yetu mpaka karibu na saa ya kutotoka nje. Siplemanteri, kazi ya ziada, juu ya siplemanteri. Alikonda, suruali ikawa inamfuata nyuma. Sababu tuliijua sote: alitaka kupanga nyumba kamili, amlete mkewe na binti yao, ambaye alimwacha akiwa bado anatambaa. Siku hizo wauza samaki walikuwa wamemletea habari kwamba mtoto ana homa. Aliwauliza maswali mengi mpaka wakachoka, halafu akarudi ubaoni.

Kazi yangu katika shule hiyo ya baraza ilikuwa kubeba mabenchi, kila siku ya Mungu, huku wenzangu wako uwanjani. Siku hiyo tulikuwa na mechi na watoto wa barabara ya juu, watu wa majivuno. Baba alikuwa safarini na treni, mama yuko sokoni. Fundi cherehani akafika wa kwanza, mapema kama kawaida yake.

"Leo hakuna masomo, fundi. Mwalimu alifiwa."

"Yesu! Alifiwa na nani?"

"Sijue. Mutu ya kwabo."

Nikamwekea uso wa kanisani. Akaondoka ameshika kichwa, nami nikadhani anarudi kwenye cherehani yake.

Nilisahau kwamba kwetu ukisikia kuna kilio huendi kuuliza, unakwenda kulia. Niliporudi, magoti yamejaa vumbi, lupango letu lilikuwa limejaa watu. Wanaume wamekalia yale mabenchi niliyoyakimbia. Wanawake wamekuja na bunga ya ugali, makala ya kupikia na sufuria. Mama alikuwa amefika kutoka sokoni, akakuta kilio nyumbani kwake mwenyewe, akatua kikapu na kuanza kulia kuliko wote, bila kujua anamlilia nani. Nikaingia nyuma ya choo nikacheka mpaka tumbo likauma. Nilipanga kuwaambia mara tu nitakapoweza kukaza uso.

Mwalimu akaniwahi. Niliona kinga yake, ile baiskeli, langoni, chaki kwenye mkono wa shati. Sauti zote zikakatika pamoja. Mzee mmoja akamshika mikono.

"Kaa kwanza, mwalimu."

"Ni mutoto?"

Hakuna aliyejibu. Wangejibu nini, hawakujua! Na wenye adabu hawamtupii mtu msiba wake usoni. Lakini yeye aliuchukua ule ukimya kuwa jibu. Akaketi chini, si kwenye benchi, chini mavumbini, na kinga ikamwangukia mguuni asiitoe.

Hapo kicheko kiliniisha chote.

"Nilidanganya!" nikapiga kelele. "Hakuna mufu! Nilisema tu, juu niende kucheza!"

Mama alinifikia na mwiko kabla sijamaliza. Fundi akasema, "Huyu mutoto iko na shetani." Wengine walianza kukusanya sufuria zao wakisonya. Mimi nilingoja mwalimu anipige na yeye, tuwe tumemaliza. Aliniangalia kwa upole, ule upole ulikuwa mbaya.

"Asante, mutoto," akasema. "Balikutuma vizuri."

Mtu aliyefiwa akiwa mbali na kwao haambiwi ukweli. Anaambiwa, "Ni mugonjwa tu, enda umuone," ili afike bila kuanguka njiani. Kila mtu anaujua uongo huo, mwalimu pia alishawahi kuusema kwa wengine. Kwa hiyo nilipoapa, aliona ninafanya kazi niliyopewa na wakubwa. Mama alipoapa kwa Bikira Maria, akaona mama naye ni mtu mwema. Kadiri tulivyozidi kumwambia mtoto ni mzima, ndivyo alivyozidi kumzika.

Asubuhi alipanda lori la samaki lililokuwa linarudi Kasenga tupu. Mama aliushika mfuko wa mwalimu.

"Mwalimu, njia ni mbaya. Baaskari beko kila pahali. Na kazi yako?"

"Kazi nilikuwa naifanya juu ya mutoto, mama."

Dereva wa lori hilo alirudi na samaki bila mwalimu. Alisimama langoni kwetu, kofia mkononi, hakutaka kuingia. Lori lilisimamishwa kwenye kizuizi, akasema, na mwalimu, kwa woga, au kwa mazoea, aliwajibu askari wa Katanga kwa Kiingereza. Wakasema huyu ni mtu wa kofia za bluu, adui zao. Walimshusha, wakaliambia lori liende. Baba alipotoka safarini alikwenda kuuliza ofisi moja na nyingine, kote wakamwambia arudi kesho. Shule ilipata mwalimu mwingine. Fundi alikuja kuchukua benchi lake, hakunisalimia.

Jumamosi iliyopita, mwanamke mmoja aliingia kwetu na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Nyuma yake mtoto wa kike, mnene, amevaa viatu vikubwa, anamrushia kuku wetu mawe.

"Hodi, mama. Hapa ndipo kwa mwalimu wa Kiingereza? Miye bibi yake, mama ya huyu mutoto. Nilichoka kungoja."

Mama alishika mlango. "Karibu, mama. Alienda kubatafuta."

Mwanamke akacheka, kicheko kizuri, mpaka akatua kikapu.

"Basi tulipishana mu njia! Si kitu. Tutamungojea."

Akaomba maji. Mtoto akaniuliza kama yule kuku ni wangu. Mama akanivuta jikoni kwa sikio, kisha akaliacha sikio, akachochea moto. Halafu akasema:

"Mutoto atalala ku kitanda yako. Weye utalala chini. Na usiniulize mpaka lini."