Kinyozi Aliyeona Bora Aitwe Mlevi

Huyu kinyozi wetu, jamani, mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Ukikaa kwenye kiti chake, unanyolewa wewe, anasengenywa mwingine. Na aliopenda kuwasema kuliko wote ni wagonjwa wa sukari. "Mwanamume akishaanza kuchoma sindano," alisema huku akipuliza nywele kwenye mashine, "mkewe ajihesabu mjane." Benchi zima likacheka, naye akavimba kichwa.

Basi sukari ikamfuata kwake. Vidonge vikashindwa, daktari akamwandikia insulini. Bwana mkubwa akanywea! Akamwapisha mkewe asimwambie mtu, hata mama yake mzazi. Na kujichoma mwenyewe hataki. Kila asubuhi anapandisha shati, anafumba macho: "Kinyozi hajinyoi, mama watoto. Nichome wewe."

"Fumbua macho, imeshatoka zamani," mke humwambia. "Sasa kunywa chai. Nesi alisema ukichoma, ule."

Siku moja akajiona mjanja. Kama sindano inashusha sukari, na njaa inashusha sukari, akizichanganya si atapona upesi? Akaaga kwamba atakula kazini. Mwongo mkubwa.

Aliyemkuta akimsubiri ni baba mkwe wake, mzee asiyecheka ovyo, amekuja kunyolewa ndevu. Shavu moja likaisha, la pili lina povu bado, wembe uko kooni. Mkono ukaanza kutetemeka. Jasho likamvuja, maneno yakawa yanamtoka kwa kuburuzana.

"Mkwe," mzee akauliza bila kutikisa kidevu, "umelewa?"

Hapo ndipo ujue ukaidi wa mwanadamu. Nesi alishamwonya kuhusu mtetemeko huo, kwamba sukari ikishuka sana mtu huanguka, na anaweza asiamke. Lakini akawatazama wateja kwenye benchi, wale wale aliowachekesha, akaona heri aibu ya pombe.

"Kidogo tu, baba. Jana tulizidisha."

Na tone la pombe hajawahi kulionja maishani mwake!

Mzee akausogeza wembe kwa vidole viwili, akainuka na povu lake. "Binti yangu nilimwoza kwa mtu, sikumwoza kwa mlevi. Leo hii anarudi nyumbani." Akashika kitasa cha mlango.

Magoti yakamlegea kinyozi, akaning'inia kwenye kiti. "Baba, sijalewa! Nina sukari! Nimechoma sindano na sijala. Nipeni soda, nakufa!"

Hakucheka mtu. Mteja mmoja akamnywesha soda yake mwenyewe, mzee akamshikilia kichwa. Alipopata nguvu, mzee akarudi kitini na ndevu zake nusu.

"Nenda kale kwanza," akasema. "Nakungoja."

Siku hizi haketi mtu pale kabla hajauliza, "Fundi, umekula?" Akijibu bado, hakuna anayetoa shingo. Wanakaa benchi zima, wanamtazama akitafuna.