Bastola ya Mkono Uliolegea

Mume wangu alijifunza upya kuvuta triga kwa vibanio vya nguo. Alikaa kwenye veranda ya nyumba yetu ya mtaa wa Fedha akibana na kuachia, akibana na kuachia, na mimi nikawa naokota vibanio kwenye makochi, ndani ya viatu, hata siku moja kwenye kopo la majani chai. Sikumwuliza kitu. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, nilikuwa nafanya kila kitu bila kuhisi. Napika, namvisha soksi, nafungua duka letu la jumla kule Mbotela, nafunga, narudi. Watu wa kanisani waliniambia nina moyo mkubwa. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa nimekufa ganzi.

Bastola alikuwa nayo kwa miaka mingi, na leseni yake. Tuliwahi kuvamiwa dukani watoto wakiwa wadogo, na baada ya hapo akaapa kwamba hatatokea tena mtu wa kunilaza kifudifudi juu ya magunia ya unga. Akawa anaivaa kiunoni chini ya sweta, hata jua likiwaka, na Mbotela nzima ilijua mzee ana mguu wa kuku huku ikijifanya haijui. Hakuwahi kuifyatua. Ilitosha kwamba ipo, na kwamba aliyeivaa ni yeye. Sasa leseni ilikuwa inakaribia kuisha, na ili apewe nyingine ilibidi aonyeshe kwamba bado anaweza kulenga. Akishindwa, alisema, haendi dukani tena. Atakaa nyumbani angoje uji kama mtoto. Namjua mume wangu; angefanya hivyo kweli, na asingemaliza mwaka.

Basi tukaenda mjini kutafuta bastola yenye triga laini.

Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, ananukia marashi. Alitandika kitambaa juu ya kaunta, akatoa bastola tatu, na kila moja akaifungua tuone wenyewe kwamba haina risasi.

"Mzee wangu, usiharakishe," akasema. "Lenga ukuta, vuta polepole mpaka uisikie ikilia."

Ya kwanza ilifanana na ile yake ya zamani. Kidole kilifika kwenye triga kikasimama hapo. Ya pili alivuta hadi katikati, kidole kikaanza kutetemeka, akasingizia miwani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika koti lake na mkoba wangu, nawaza kama kunde nilizoacha nyumbani zitachacha. Nimewahi kuchagua sufuria kwa hisia nyingi kuliko hizo.

"Sasa jaribu hii," muuzaji akasema. "Hii ni laini kabisa. Tena ni ndogo, hata ukivaa shati tu haionekani."

Ile ya tatu mume wangu aliishika kwa mikono miwili. Kidole kilivuta, lakini mkono mzima ukafuata kidole, na mdomo wa bastola ukaacha ukuta ukaenda kutua kwenye tumbo la muuzaji. Kijana akasogea kando taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Hii nayo ni mbovu," mume wangu akasema.

"Haina shida, mzee. Hii hata shosho anaivuta. Cheki."

Akanipa mimi. Sidhani alikusudia ubaya. Na shosho kweli ni mimi, nina wajukuu wawili, ila mikono yangu imebeba katoni za mafuta ya kupikia tangu nikiwa msichana. Mwanamke mwingine angejifanya ameshindwa. Mimi wazo hilo hata halikunijia. Nililenga ukuta nikavuta, ikalia. Kisha nikachukua ile ya kwanza, ile ngumu, nikavuta. Nayo ikalia.

"Eeh, mathe! Wewe uko sawa! Si uombe leseni yako?" Halafu akauona uso wa mume wangu, akaanza kukunja kitambaa chake.

"Ni nyepesi, mama?" mume wangu akaniuliza.

"Ni nyepesi, baba."

"Basi utaomba wewe." Alisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananituma mkate.

Tulirudi nyumbani, tukala zile kunde. Hazikuwa zimechacha. Nikaosha vyombo, nikaanua nguo, nikaziingiza chumbani kuzikunja, nikamkuta anatandika kitanda kwa mkono wa kushoto.

Tangu tuoane, tukiwa bado na chumba kimoja Kaloleni, yeye hulala upande wa mlango na mimi upande wa ukuta. Hatukuwahi kulizungumzia. Mtu akiingia, amkute yeye kwanza. Sasa Biblia yangu na miwani yangu vilikuwa kwenye kile kistuli cha upande wa mlango, na mto wangu umewekwa hapo, umepigwapigwa ukajaa vizuri. Wake ulikuwa upande wa ukuta.

"Nimekutandikia," akasema, akapanda kitandani akavuka kwenda upande wake mpya.

Nikakaa ukingoni na nguo zangu mapajani. Nikalia. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikalia kwa sauti, na yeye amegeukia ukuta, saa tisa mchana, anajifanya amelala.