Mapazia ya Nyumba ya Ziwani

Fundi mapazia yule, mtaa mzima ulimwita Bi Hakiki, na jina hilo hawakumpa kwa kumsifu. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza. Akienda kununua kitambaa hupima kwa tepu yake mwenyewe, halafu hurudia, huku muuzaji akitazama dari. Tabia hiyo aliianza akiwa mwanagenzi wa miaka kumi na tisa, alipogundua kwamba fimbo ya kupimia ya tajiri wake ilikuwa imekatwa vidole viwili, na kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa wakilipia mita wasiyopewa.

Alifanyia kazi kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari. Humo mlikuwa na cherehani mbili, pasi nzito, na meza ndefu ambayo zamani ilikuwa mlango. Tundu la kitasa bado lilikuwapo, na ndani yake alichomeka mkasi. Si kwamba shaka zake zilipatia kila mara. Aliwahi kumshuku jirani mwaka mzima kwamba anamwibia umeme, kumbe friji yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu. Hakuomba radhi vizuri, na jirani hakusahau.

Mama yake alikuwa amestaafu kazi ya kufua shuka hospitalini, baada ya miaka thelathini na mmoja. Katika maisha yake yote hakuwahi kulalia shuka zilizofuliwa na mtu mwingine. Watoto wake wawili wakakubaliana wampeleke ziwani siku tano, akapumzike kama watu. Mdogo wake Bi Hakiki, mwalimu wa udereva, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuamini, alisema nyumba ya kufikia ataitafuta yeye, na gharama zake atazibeba yeye.

Jumapili moja alasiri, Bi Hakiki akiwa kwa mama yao, alifika huyo mdogo wake na mkewe, uso unang'aa kama aliyeua tembo kwa ubua. Alikuwa amepata nyumba nzima, vyumba vitatu, hatua hamsini kutoka majini, kwa nusu ya bei ya nyumba nyingine zote. Meneja wake ni muungwana, alisema. Alimwita “kaka” tangu neno la kwanza. Familia tatu zilikuwa zinaigombania nyumba ile, kwa hiyo asubuhi hiyo alishatuma nusu ya malipo kwa simu. Nusu ya pili ilitakiwa kesho yake saa sita mchana, la sivyo nafasi ingeenda kwa wengine.

Bi Hakiki aliweka kikombe chini.

“Umetuma kwa jina la nani?”

Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Mhasibu wa kampuni, bila shaka. Kampuni gani? Hilo hakuuliza. Walikutana kwenye tovuti ya kukodisha nyumba, lakini meneja akamshauri wamalizane pembeni, wakwepe ada ya tovuti. Na risiti? Si ujumbe wa simu upo.

“Dada,” alisema mdogo wake, “siku malaika akija kukuchukua, wewe utamwomba kitambulisho.”

Mama alicheka. Wifi alicheka zaidi. Bi Hakiki naye alitabasamu kidogo, maana ni kweli angemwomba. Kisha akaomba simu azione picha.

Aliona baraza, akaona kitanda kilichotandikwa vizuri, na alipofika kwenye sebule machale yakamcheza. Akaikuza picha kwa vidole. Mapazia yalikuwa ya rangi ya udongo, yenye majani meupe, na kwenye kipande cha mwisho upande wa kushoto majani yalielekea chini. Aliyajua kama mama anavyojua kovu la mwanawe. Miaka miwili nyuma kitambaa kilimpungukia, kipande cha mwisho akakiunga kichwa chini miguu juu, na mteja, daktari wa meno aliyestaafu, akakubali kwa kupunguziwa bei. Daktari huyo alikaa ng'ambo ya reli, mji huu huu, dakika ishirini kwa miguu. Ziwa lilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa basi.

Akairudisha simu bila kutaja mapazia. Friji ilishamfunza kwamba shaka isiyo na ushahidi humgeukia mwenyewe. Alimsihi tu mdogo wake asitume senti nyingine mpaka waonane kesho, akaomba na namba ya meneja. Mdogo wake akampa, huku akishusha pumzi ndefu.

Asubuhi daktari alifungua geti kiasi cha pua kupita. Alitaka kujua ametumwa na nani. Mwezi uliopita, alisema, familia mbili zilishuka hapo na masanduku yao. Mtoto mmoja alitoka kwenye teksi akiwa na boya la kuogelea kiunoni, akauliza maji yako wapi. Tangu siku hiyo hamfungulii mtu ovyo. Wakatazamana kupitia ule mwanya, kila mmoja akimpima mwenzake, mpaka Bi Hakiki alipotaja majani yaliyoelekea chini. Hapo geti likafunguka.

Sebule ilikuwa ile ile ya kwenye simu. Daktari alieleza kwamba mwaka jana alifikiria kuipangisha nyumba, akampa dalali picha, dalali akazitangaza mtandaoni. Yeyote angeweza kuzichukua. Alisharipoti polisi, na nakala ya taarifa anayo. Bi Hakiki aliisoma mpaka kwenye muhuri, akaipiga picha. Hata hivyo, wakati anatoka, alijiuliza mbona daktari alizungukazunguka alipoulizwa jina la dalali. Swali hilo hajalipatia jibu mpaka leo.

Akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa reli, akampigia meneja. Sauti ilikuwa asali tupu. Bi Hakiki alijitambulisha kuwa dada wa mteja, akasema yuko tayari kulipa iliyobaki sasa hivi, ila angependa kuonyeshwa sebule kwa simu ya video. Meneja akajibu kwamba mtandao wa huko ni mbovu. Basi atume namba ya usajili wa biashara, na mkataba unaosema pesa zitarudishwaje safari ikivunjika. Hivyo hutumwa baada ya malipo. Halafu, bila kuombwa, meneja akapunguza bei.

“Mama yangu,” alisema, “biashara yetu sisi ni ya kuaminiana.”

“Vizuri sana. Basi niamini mimi. Nitalipa yote nikifika mlangoni.”

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, namba haikupatikana.

Saa tano alimkuta mdogo wake uwanjani, akimfundisha mwanafunzi kurudi nyuma kati ya mapipa. Njiani alikuwa ameandaa maneno, mengine makali. Alipouona uso wa mdogo wake alisahau yale makali, akamsimulia tu habari ya mapazia na ya geti. Mdogo wake akachezea ufunguo wa gari. Ndipo akasema kweli: ile nusu haikuwa pesa yake. Ilikuwa ya Mama, imetoka kwenye kiinua mgongo. Mama alimkopesha kimya kimya, akakubali kuficha ili mwanawe asiaibike. Mpewa zawadi alikuwa amejilipia zawadi yake mwenyewe.

“Usimwambie mke wangu.”

“Hilo utamwambia wewe. Sasa twende kwenye kampuni ya simu. Kila dakika tunayosimama hapa, huyo meneja wako anatoa pesa.”

Karani aliwapa pole, akasema aliyetuma kwa hiari yake harudishiwi. Mdogo mtu alishageukia mlango. Bi Hakiki hakusogea. Ukutani, nyuma ya karani, palikuwa na tangazo la haki za mteja kwa maandishi ya kuumiza macho, na kwenye foleni alikuwa amelisoma mara mbili: kila lalamiko lipokelewe, lipewe namba, lijibiwe kwa maandishi. Akaomba namba yake. Akaomba na msimamizi. Msimamizi alipotoka, akapangiwa kila kitu juu ya kaunta: ujumbe wa malipo, picha za nyumba, mazungumzo na meneja yenye tarehe, taarifa ya polisi ya daktari. Alisoma, akabonyeza kompyuta, uso ukabadilika. Namba ile ilikuwa na malalamiko mengine mawili. Akaifunga akaunti hapo hapo. Wangekuja kesho, alisema, wangekuta ganda.

Walikwenda polisi, kisha kwenye ofisi ya kumlinda mlaji, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Afisa wa huko hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Angelipia ndani ya tovuti, alimwambia mwalimu wa udereva, tovuti ingebanwa na masharti yake yenyewe kumrudishia. Alipokubali kumalizana pembeni, ngao yake aliiacha ndani. Baada ya wiki saba, theluthi na ushee ya pesa ilirudi kwa Mama. Nyingine ndiyo imekwenda, na hakuna aliyekamatwa.

Mwezi mzima mdogo wake hakukanyaga kwake. Bi Hakiki alishuku kwamba amekasirika. Wifi, ambaye sasa alishajua yote, alisema anaona aibu. Yote mawili yalikuwa kweli.

Safari mpya Bi Hakiki aliipanga mwenyewe. Alichagua nyumba ndogo ya wageni, akatafuta namba yao mahali pengine, si kwenye tangazo, akawapigia saa tofauti asikie kama wanaojibu ni wale wale. Mteja wake mmoja, dereva wa lori apitaye njia ile, akaombwa asimame aitazame kwa macho. Akalipa arubuni tu, kupitia tovuti, kwa jina la biashara. Mkataba alikwenda nao umekunjwa ndani ya mkoba.

Wakafika, Mama na watoto wake wawili, wakapewa vyumba vya nyuma vinavyotazama tangi la maji. Vya mbele, dada wa mapokezi alisema, vimechukuliwa na watu wa semina. Bi Hakiki aliikunjua karatasi juu ya kaunta, wala hakupandisha sauti.

“Hapa mmeandika vinavyotazama ziwa. Tupeni tulicholipia arubuni, au mtupunguzie tofauti, na mtuandikie sababu.”

Mwenye nyumba aliitwa, akaja amenuna, na baada ya nusu saa wakapewa vyumba vya mbele. Mama aliisugua shuka kati ya vidole, akasema anayezifua anazidisha dawa. Halafu akalala mpaka saa tatu asubuhi.

Siku ya tatu Mama aliingia majini mpaka magotini, gauni amelikusanya mkononi, akamwita bintiye. Bi Hakiki akasema yeye analinda vitu. Mdogo wake, aliyeketi mchangani, akanyoosha mkono apewe mkoba. Nauli yote ya kurudi ilikuwa humo. Dada mtu aliutazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono, na mwishowe akampa. Akashuka taratibu kumfuata Mama, maji yakampanda mpaka kiunoni, ufunguo wa chumba ameufumbata ngumini.